Chai ya Naibu

Ukiitwa ofisini kwa Naibu ukamkuta amekunja uso, mshukuru Mungu. Utafyeka nyasi Jumapili nzima, utatoka malengelenge, yatapona. Ukimkuta anatabasamu, bado una nafasi ya kujitetea. Lakini ukikuta chai mezani, kikombe kimefunikwa kwa kisahani na vipande viwili vya mkate kando, kaa chini na usiulize kitu. Kuna mtu kwenu amekufa.

Hilo tulilijua wote tangu kidato cha kwanza. Shule yetu iko juu ya kilima, nusu saa kwa miguu kutoka Kebirigo, na huko juu habari za nyumbani hutufikia sisi wa bweni kwa simu moja tu, ya ofisini. Mwenye simu hiyo alikuwa Naibu wa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa mtu wa semina. Tulimwona siku za wazazi na kwenye picha ukutani. Shule ilikuwa ya Naibu. Jina lake silitaji, na hata tukiwa naye sidhani kuna aliyelitumia, labda mkewe.

Ninaandika habari zake kwa sababu alinificha kifo cha baba yangu siku tisa. Na kwa sababu baadaye, baada ya kuapa kwamba mimi sitamfanyia mtu hivyo hata nikatwe kichwa, nilimfanyia rafiki yangu. Nataka kujua kama mimi na yule mzee ni mtu mmoja. Jibu ninaloliona likija silipendi.

Ukimwona kwa mbali ungedhani ni mkulima aliyepotelea shuleni. Suti ya kijivu, gambuti nyeusi za mpira, mvua inyeshe isinyeshe. Na kwetu hunyesha karibu kila alasiri, kwa hiyo pengine yeye ndiye aliyekuwa na akili na sisi wenye soksi zilizolowa ndio wajinga. Mwavuli wake ulikuwa umevunjika ubavu mmoja, na ule ubavu uliochomoza ndio aliotumia kukuonyesha makosa yako. "Kijana, funga shati." "Kijana, ile karatasi ni ya mama yako?" Wote tulikuwa kijana. Alitufundisha Kilimo, na alifundisha vizuri kweli, ingawa migomba yake nyuma ya nyumba za walimu ilikuwa imeinama kama wazee wanaotafuta sindano. Siku moja nilimwuliza mbele ya darasa, "Mwalimu, migomba ile ni mfano wa nini?"

Alifikiri kidogo. "Ni mfano wa mtu anayesumbuliwa na watoto wa watu mpaka hana wakati wa shamba lake."

Darasa lilicheka. Jumapili ile nilifyeka.

Alikuwa na neno lake, maliza kwanza. Wazee wengi wa kwetu ulimi wao hauelewani na l, kwa hiyo lilitoka "mariza kwanza", na tuliliiga mabwenini mpaka likawa salamu. Tumbo linakukata katikati ya kipindi cha hesabu? Mariza kwanza. Bweni linavuja? Mariza kwanza kufagia. Neno lake la pili lilikuwa la wakati wa mitihani, na hilo hatukuliiga: "Hakuna mtahini anayesahihisha machozi."

Mema yake yapo, na yananiudhi kuliko mabaya. Mtoto wa kidato cha kwanza akishikwa na malaria, Naibu ndiye aliyeingia bwenini kabla ya kengele na kikombe cha uji. Alikaa pembeni mwa kitanda akitazama dirisha. Pole hakusema. Alisema, "Kunywa." Ukimaliza, anachukua kikombe, anakwenda zake, na saa mbili baadaye anakupigia kelele gwarideni kama mtu asiyekujua. Mwaka tuliofungwa mabao saba kwenye michezo ya kaunti alitununulia miwa, timu nzima, akatuambia tumecheza kama watu waliotoka kuzika. Tuliketi kando ya barabara tukatafuna, naye kati yetu, anatema makapi mbali kuliko sote.

Na alichukia uwongo. Anayejua maisha ya bweni anajua kwamba wanafunzi huua nyanya zao. Ukitaka ruhusa ya siku tatu, unamuua nyanya. Mwenzetu mmoja alimuua wake muhula wa kwanza, akamuua tena muhula wa pili, na wa tatu akaja ofisini na machozi ya kitunguu. Sisi tulikuwa dirishani tukisikiliza. Naibu alimwacha alie mpaka akachoka.

"Huyu nyanya yako ana moyo," akasema. "Kufa mara tatu si mchezo. Hebu tumpigie tumpe pole yeye mwenyewe."

Akapiga, sauti ya simu ikawekwa juu, na nyanya akapokea, mzima kabisa, akitaka kujua ni nani anamsumbua wakati wa kukamua ng'ombe. Kijana alikwenda nyumbani wiki mbili, zaidi ya alizoomba. Jumatatu yake Naibu alisimama gwarideni akatuambia uwongo juu ya kifo ndio uwongo mbaya kuliko wote, kwa sababu unachezea kitu cha Mungu.

Nakumbuka nilipiga makofi.

Sasa chai. Naibu alikuwa Msabato wa aina ile ya zamani, wasiogusa majani chai kama wengine wasivyogusa pombe. Kwao, upande wa Nyaramba, alikuwa na shamba zuri la chai lililosomesha watoto wake wote, lakini mdomoni mwake halijawahi kuingia tone. Yeye alikunywa maji moto na limau. Kwa hiyo ile chai ya ofisini aliipika kwa ajili yako peke yako, na kwa kuwa hakuwahi kuionja, ilikuwa mbaya ajabu, majani mengi kupita kiasi na sukari ya harusini. Hakumtuma mpishi. Aliipika mwenyewe kwenye jiko dogo la umeme chini ya meza, na alikutazama unapoinywa.

Mimi niliinywa kidato cha tatu.

Baba yangu, tata tunavyosema kwetu, alikuwa mzee wa kanisa huko Marani, na sifa yake kubwa ilikuwa kuombea chakula. Aliomba mpaka ugali ukafanya ngozi. Aliomba amefumba jicho moja. La pili lililinda nyama, kwa sababu aliwajua watoto wake, hasa mdogo wangu Bosire. Jumanne moja asubuhi alianguka kati ya mistari ya majani chai, presha, na walipomfikisha hospitali alikuwa ameshakwenda. Siku hiyo mimi nilikuwa nimeanza mtihani wa pamoja wa shule za eneo letu. Sikilizeni vizuri: si mtihani wa taifa. Ni ule ambao matokeo yake hubandikwa ukutani, yakanyeshewa, yakasahaulika.

Jumatano Naibu aliniita. Nilifika nikicheka, kwa sababu njiani nilikuwa nimemwona mpishi wetu akikimbizwa na bata mzinga wa mwalimu mkuu, na hadithi kama hiyo huwezi kuifungia kinywani. Kwanza nikatupa jicho mezani. Hakuna chai. Basi nikamsimulia. Nilimwigiza mpishi, nikamwigiza bata, nikazunguka kiti cha wageni nikipiga mbawa. Alinitazama muda mrefu, mkono uko juu ya simu.

"Umekula?" akauliza.

"Nimekula, Mwalimu."

"Haya. Rudi darasani."

Nilitoka nikijiambia mzee amezeeka, anaita watu kuwauliza kama wamekula.

Jumamosi jioni, Sabato ikiisha, huwa tuna burudani ukumbini. Mchekeshaji wa shule ni mimi. Jioni ile sikuwa na jipya, kwa hiyo nikapanda jukwaani nikamwigiza tata akiombea kuku. Jicho moja limefumbwa. "Bwana, tunakushukuru kwa kuku huyu. Tunakushukuru kwa mguu wake wa kulia, ambao Bosire anauangalia. Bosire, nakuona. Na yule mwanangu aliye shuleni, Bwana, umkumbuke, maana akili zake unazijua Wewe peke yako." Ukumbi ulipasuka. Walimu kwenye safu ya mbele walikuwa wakitazama viatu vyao, nikadhani ni adabu. Naibu alikuwa amejikunja, leso usoni, mabega yanatikisika. Nikajisemea, leo nimempata! Nimemliza Naibu kwa kicheko! Nikaongeza sala ya pili, ya samaki, bure, ambayo haikuwa kwenye mpango.

Alhamisi iliyofuata, nilipokabidhi karatasi ya mwisho, chai ilikuwa mezani.

Kwenye ukoo wetu, mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayepiga jembe la kwanza la kaburi la baba yake. Nilifika nyumbani Alhamisi jioni nikakuta kaburi limeshachimbwa, kingo zimenyooka kama za fundi. Jembe langu alikuwa amelipiga baba mdogo. Ijumaa tukazika. Nilimwuliza mama nani aliamua nifichwe. "Shule walisema una mtihani," akajibu. Nikarudi nikamwuliza Naibu. "Familia iliomba," akajibu. Nimewauliza mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mmoja hunielekeza kwa mwenzake, kama madirisha ya ofisi ya serikali. Katika mtihani ule nilikuwa wa mia moja na nne. Siku tisa, nikawa wa mia moja na nne.

Nilirudi shuleni nimenyolewa kichwa. Wenzangu wakaniogopa. Walinipisha kwenye foleni ya githeri, walinipa mikate yao, na nikifungua mdomo kusema la kuchekesha walinikazia macho ya huruma mpaka likanifia mdomoni. Mchekeshaji ambaye watu wanamhurumia ni bure kama jiko lisilo na kuni.

Makori hakunihurumia. Alikuwa kijana mrefu wa upande wa Nyaramba, kimya, ambaye kwa miaka miwili tulikuwa hatujasemezana zaidi ya kuombana sabuni. Alinikuta bombani nikifua, akaweka beseni lake kando ya langu.

"Wewe walikuficha siku ngapi?"

Nilimtazama. "Tisa."

"Mimi kumi na moja. Nimekushinda."

"Nani?"

"Mama. Kidato cha pili, mtihani wa mwisho wa mwaka."

"Ule? Ule hata ng'ombe hupita."

"Ndio huo. Na mimi nikafeli."

Tukacheka. Kicheko chake kilikuwa cha kukohoa, kama pikipiki ya asubuhi. Nikamwuliza kama kaburi alilikuta wazi. "Nililikuta limenyeshewa mara mbili," akasema, akikamua shati. "Majani yalikuwa yameshaanza kuota." Kisha akasema, "Mtu anakuambia mama yako amekufa, na wewe unachofikiria ni kwamba hii chai haijachemka." Pole hakuna aliyeitoa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kuzungumza na mtu kama mtu.

Kuanzia hapo tukawa wawili. Tulihamia kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu, mimi chini. Alinifundisha Kemia, mimi nilimfundisha kumwigiza Naibu, na hakuweza kamwe. Tulizungumza juu ya wafu wetu bila unyenyekevu: mama yake alivyodanganya umri kanisani, tata alivyolinda nyama. Makori alikuwa amebaki na nyanya yake, magokoro, ambaye alipiga simu ya ofisini kila Jumapili na kabla ya kukata aliuliza, "Na yule mwehu wako anakula?" Mwehu ni mimi. Siku za wazazi alikuja na parachichi kwenye kikapu, akanigawia sawasawa na mjukuu wake.

Siku moja, tumekaa nyuma ya jikoni, Makori akasema, "Ukisikia langu kabla yangu, uniambie saa hiyo hiyo."

"Saa hiyo hiyo. Na wewe langu."

"Hata nikiwa kwenye mtihani."

"Hata ukiwa chooni."

"Hata nikiwa chooni," akasema, bila kucheka, na tukapeana mikono kama wazee wanaopatana mahari. Tuliapa kwa kaburi la mama yake na la tata, kwa sababu vitu vingine vya kuapia hatukuwa navyo.

Muhula wa pili mwaka huu, kidato cha nne, Jumatatu tuliyoanza mtihani wa majaribio, Naibu aliniita saa nne, wakati wa mapumziko. Nilifungua mlango nikaona kisahani juu ya kikombe. Mama, nikasema moyoni. Ni mama.

"Si kwenu," Naibu akasema haraka. "Ni kwa Makori. Nyanya yake. Sabato alfajiri."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Kwa nusu dakika nzima hapakuwa na mtu mwenye furaha kuliko mimi katika kaunti yote ya Nyamira.

"Wanazika Alhamisi," aliendelea. "Mtihani unaisha Ijumaa. Wewe unalala naye. Hawa wanafunzi wa kutwa wanaweza kuja na maneno. Nisaidie kumkinga."

"Kumkinga na nini, Mwalimu?"

"Mpaka amalize."

"Akimaliza Ijumaa, nyanya yake atakuwa yuko chini."

"Siku za wiki nazijua, kijana."

"Nani ameomba? Familia?"

Alichukua mwavuli wake akaupapasa pale ulipovunjika. "Familia imeomba," akasema. "Kunywa chai."

"Mimi namwambia sasa hivi."

"Mlango uko wazi."

Sikuinywa. Nilitoka nikikimbia. Makori alikuwa amelala kwenye nyasi nyuma ya maabara, kitabu cha Biolojia kimemfunika uso. Alisikia hatua zangu akakiondoa.

"Mwehu, nimesikia umeitwa. Umefanya nini safari hii?"

Na alikuwa ameshaanza kucheka. Sijasema neno, na ile pikipiki yake ilikuwa imeshaanza kukohoa, maana alijua nikitoka kwa Naibu natoka na hadithi. Nikamtazama vile alivyokuwa. Nikajiambia, acha amalize kucheka.

Nikamsimulia habari ya ng'ombe aliyeingia chumba cha walimu akala karatasi za mtihani wa Jiografia. Hapakuwa na ng'ombe. Nilimtunga pale pale, na alikuwa ng'ombe mzuri sana.

Sasa najua siku tisa zinavyotengenezwa. Hakuna anayekaa chini akasema tumfiche siku tisa. Unasema acha amalize kucheka. Halafu kengele inalia. Jioni anakula, unasema acha ale. Amelala, unasema acha alale. Asubuhi ni hesabu, na somo la hesabu analipenda. Na kila saa inayopita inakudai maelezo ya saa iliyotangulia, mpaka unaogopa maelezo kuliko kifo chenyewe. Jumanne nilichekesha bweni zima mpaka kiranja akatishia kutuandika. Sijawahi kuchekesha vile. Naibu alipita dirishani, akasimama, akanitazama, akaenda.

Jumatano alasiri mvua ilikuwa inanyesha. Makori alikuwa anakunja sweta kitandani. "Jumapili magokoro hakupiga," akasema. "Nadhani hana chaji. Ule mji wetu na stima ni maadui."

"Makori, magokoro amekufa. Jumamosi alfajiri. Wanazika kesho."

Aliendelea kukunja. Alikunja mkono wa kulia, akakunja wa kushoto.

"Umejua lini?"

"Jumatatu."

"Saa ngapi?"

"Saa nne."

"Kwa hiyo yule ng'ombe..."

"Ndiyo."

Aliweka sweta kwenye mfuko, akavaa viatu, akatoka kwenye mvua. Nilimfuata mpaka langoni kwa umbali, kama mbwa aliyefukuzwa. Mlinzi aliinua mkono kumzuia. Naibu alitokea ofisini, gambuti zinapiga maji, na sikumsikia akiuliza ruhusa wala mtihani. Alifungua mlango wa gari lake kuukuu, Makori akaingia, wakaenda. Alimfikisha nyumbani kaburi halijaanza kuchimbwa, na nimeambiwa Makori alichimba mpaka mikono ikatoka damu. Nimeambiwa na wengine. Yeye hakuniambia.

Jioni Naibu alirudi akanikuta ukumbini. Nilikuwa tayari kufyeka kilima chote.

"Umeshindwa kwa siku mbili tu," akasema. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitukana au ananionea wivu.

Makori alirudi wiki iliyofuata akahama kitanda. Nilijaribu maneno yote niliyonayo, na ninayo mengi. Alinijibu mara moja tu, bombani, bila kuinua kichwa. "Kwa Naibu nilitegemea. Wewe? Siku mbili, wewe?" Kisha akabeba beseni lake.

Naibu alistaafu muhula ulipoisha. Likizo hii ya Agosti, wiki ya pili, ikaja habari kwamba mkewe amefariki. Sikutaka kwenda. "Nenda," mama akaniambia. "Amekulisha miaka minne." Jumatano nikashika njia ya Nyaramba.

Hema lilikuwa limeshasimamishwa, na Makori, ambaye kwao ni ng'ambo ya kijito tu, alikuwa anapanga viti vya plastiki. Aliniona akaendelea kupanga. Wazee walinielekeza nyuma ya nyumba. Naibu alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo umeegemea ukuta, gambuti miguuni, simu kwenye goti, anatazama majani chai yake ambayo hayajachumwa wiki nzima. Nikampa pole. Akatikisa kichwa. Nikauliza kuhusu kitinda mimba wake, aliye chuo kikuu huko Pwani. Picha yake tuliizoea ofisini.

"Ameshafika?"

"Ana mtihani," Naibu akasema.

Nilidhani anatania. Hakuwa mtu wa utani. "Mwalimu. Mama yake yuko mochari."

"Imebaki karatasi mbili. Anamaliza Ijumaa." Alizungumza akiangalia shamba. "Dada zake wamemtoa kwenye grupu la familia. Wamemwambia simu ya mwenye grupu imeharibika."

"Mnazika lini?"

"Ijumaa."

Nyuma yangu kiti kilianguka. Makori alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, mikono mitupu.

"Mpigie," akasema. Hakusema Mwalimu.

Nilingoja Naibu amfokee. Badala yake aliinua simu, akaitafuta namba kwa kidole kimoja, akabonyeza, na kwa mazoea yake ya ofisini akaiweka sauti juu. Kijana akapokea upesi.

"Tata! Habari ya huko?"

"Njema," akasema Naibu. "Umekula?"

"Nimekula."

"Karatasi ya leo?"

"Ilikuwa nyepesi, Tata, nimeimaliza kabla ya saa. Ule mguu wa Mama umeshaacha kumsumbua?"

Naibu alifungua mdomo. Niliona neno likifika mpaka kwenye meno. "Haya," akasema. "Soma. Mariza kwanza." Akakata.

Mbele ya nyumba akina mama walianza wimbo, wakaukatisha, wakauanza tena kwa sauti ya chini zaidi.

"Hata mimi ilikuwa hivi?" nikauliza.

"Hivi hivi." Hakunitazama. "Baba yako mdogo alikuja kukuchukua siku ya pili. Nilimkalisha chumba cha pili, nikakuita chai ikiwa bado jikoni chini ya meza. Ukaja na yule bata." Akajifuta uso kwa kiganja. "Alikuwa anasikia. Nilipomrudia nilimwambia tungoje umalize. Akakubali, maana na yeye hakuweza. Familia haikuomba kitu. Ni mimi."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo zaidi ya mwaka, na nilikuwa nimeyaandalia matusi. Yalikuwepo, yote, kwa mpangilio. Nikamtazama mzee wa gambuti na simu yake, nikamkumbuka ng'ombe wangu wa Jiografia, na matusi yakakosa pa kuanzia. Kumsamehe sikumsamehe. Hata leo.

Makori alisogea, akaitoa simu mkononi mwa Naibu. Akabonyeza namba ile ile. Nilidhani atazungumza yeye, lakini akaninyooshea mimi.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu mimi siwezi." Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aondoke bwenini. "Nimecheza mpira na huyu tangu tukiwa wadogo. Namba yake ninayo. Nimeishika tangu Jumatatu, natafuta namna. Siku mbili, mwehu. Na mimi pia."

Nikaipokea. Makori alinishika kiwiko, akakishika kwa nguvu. Simu iliita mara tatu. Naibu alitazama mkono wangu na hakuunyoosha wake.

"Tata, umesahau nini tena?" kijana akasema, akicheka, na nyuma yake wenzake nao walikuwa wanacheka, mtu anapiga kelele kwamba chapati zake zimeibwa.

"Si tata," nikasema, na sikungoja amalize kucheka.